Bulabo ya Bujora: mwongozo kamili wa kuwapeleka watoto

Ukitoka katikati ya jiji la Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukaipita Igoma na kwenda kilomita kama 20 kwa jumla, unafika Kisesa. Pembeni ya mji huo, juu ya kilima chenye mawe makubwa, kuna nyumba zinazomfanya mtoto asimame na kuuliza maswali kabla hajaambiwa lolote. Moja imejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Kanisa ni la duara kama msonge. Kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga na nyumba ya familia ya Kisukuma ya zamani. Hapo ndipo Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma.

Siku nyingi za mwaka pametulia. Unazunguka na mwongozaji, unasikia ndege, unaondoka. Ukifika msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma linaloangukia mara nyingi mwezi wa sita baada ya mavuno, ngoma zinashuka kutoka pande zote za Usukuma, na yale uliyoyaona kwenye kuta unayakuta uwanjani yakitembea kwa miguu: majembe yanarushwa, chatu wanabebwa shingoni, mamanju, yaani watunzi na waimbaji wa ngoma, wanatupiana vijembe kwa nyimbo. Ni msimu mfupi. Ukiukosa, unasubiri mwaka mwingine.

Nimeandika kwa ajili ya mzazi, mwalimu, shangazi au mjomba anayetaka kuwapeleka watoto na akitaka warudi wamepata kitu. Msimamo wangu ni mmoja: hadithi kwanza, safari baadaye. Mtoto aliyefika Bujora bila hadithi ataona ngozi, vigoda na watu wengi. Aliyefika na hadithi kichwani atamshika mwongozaji mkono na kumuuliza maswali mpaka mwisho.

Kwanza, pata tarehe

Bulabo haina tarehe moja ya kila mwaka. Ilianza miaka ya 1950 chini ya Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Canada, aliyeunganisha ngoma za mavuno na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, na wazee wa Kisesa bado wanamtaja hivyo. Kwa kuwa sikukuu hiyo inafuata Pasaka, tarehe yake inasogea kila mwaka.

Unaweza kuikadiria mwenyewe. Hesabu siku 60 baada ya Jumapili ya Pasaka, utaangukia Alhamisi. Maadhimisho ya parokia kwa kawaida huwekwa Jumapili inayofuata. Mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili, kwa hiyo Alhamisi hiyo ni 4 Juni na Jumapili ni 7 Juni. Mwaka 2027 Pasaka inawahi, 28 Machi, na Jumapili hiyo itakuwa 30 Mei. Ngoma huchezwa kwa siku kadhaa kuizunguka sikukuu, na ratiba kamili hupangwa na waandaaji.

Kwa hiyo hesabu yako ikuongoze kuomba ruhusa kazini na kuanza kuweka akiba. Usikate tiketi ya basi kwa hesabu peke yake. Wiki tatu au nne kabla, piga simu kituo cha Bujora au mwombe ndugu aliyepo Mwanza apite pale, na uulize mambo manne: siku ya ufunguzi na ya kilele, uwanja utakaotumika, kiingilio cha makumbusho, na kama makumbusho yatapokea wageni siku za ngoma.

Suala la uwanja usilidharau. Wengi hudhani kila kitu kinafanyika kileleni Bujora. Mikusanyiko mikubwa mara nyingi huwa chini, kwenye viwanja vya Red Cross pale Kisesa, ambako ndiko Rais Samia Suluhu Hassan alikosimikwa kuwa Chifu Hangaya mwezi Septemba 2021. Kutoka uwanjani hadi makumbusho ni mwendo, na kwa mtoto wa miaka mitano juani ni mwendo mrefu.

Ikiwezekana, nenda mara mbili

Ushauri huu nautoa kwa moyo wote kwa wanaoishi Mwanza, Magu, Misungwi na maeneo ya jirani. Nenda siku ya kawaida kwa ajili ya nyumba, kisha urudi siku ya Bulabo kwa ajili ya ngoma. Siku ya umati mwongozaji ana wageni wengi, na mtoto mfupi haoni chochote juu ya mabega ya watu. Siku ya kawaida anaweza kukaa mbele ya kitu kimoja mpaka aridhike.

Anayetoka mbali, Dodoma au Dar es Salaam au Bukoba, afike siku moja kabla ya ngoma kuanza, aimalize makumbusho siku hiyo, halafu siku ya pili awe mtu wa uwanjani tu. Usijaribu kuvichanganya kwa siku moja ukiwa na watoto chini ya miaka minane. Watachoka saa nane mchana, na ngoma hunoga jioni.

Hadithi za kusimulia nyumbani

Anza wiki moja kabla, usiku, kabla ya kulala. Mbili zinatosha.

Ya kwanza ni ya Shing'weng'we, zimwi la Wasukuma. Hapo kale Shing'weng'we lilimeza watu wote na ng'ombe wote, nchi ikabaki kimya. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, Masalakulangwa. Mtoto alipokua akauliza, "Mama, mbona tuko peke yetu?" Mama akamweleza. Kuanzia hapo kijana akawa anatoka kuwinda, na kila alichoua alikuja nacho: panzi, ndege, swala. "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Mama akajibu, "Hapana, mwanangu, Shing'weng'we ni mkubwa kuliko huyo." Mpaka siku alipokutana nalo lenyewe, akalishinda, akalipasua tumbo, na watu wakatoka mmoja mmoja, na ng'ombe wao. Katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi kizee aliyekuwa ndani, na bibi yule akakasirika sana ingawa alikuwa ameokolewa.

Simulia sehemu ya sikio bila kuikimbiza. Watoto wanaipenda kuliko vita yenyewe, na inazaa mjadala: je, bibi alikuwa na haki ya kukasirika? Usiwajibu. Waache wabishane njia nzima hadi Kisesa. Pale kwenye makumbusho mtake mwongozaji awasimulie upya kwa namna yake. Masimulizi hutofautiana, na mtoto anayeijua hadithi husikiliza kwa makini zaidi ili akamate palipobadilika.

Ya pili ni ya Bagika na Bagalu, na bila hiyo uwanja wa Bulabo hausomeki. Katika karne ya 19 walikuwepo mabingwa wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Kila mmoja alijiona ndiye mkubwa, na kila mmoja alikuwa na wafuasi. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, na wa Gumha ndio Bagalu. Mpaka leo vikundi vingi vya ngoma za Kisukuma vinajihesabu upande mmoja au mwingine, na mashindano ya Bulabo ni kati ya pande hizo mbili. Mtoto wa Mwanza anayeijua Simba na Yanga ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Mwambie achague upande kabla ya safari. Siku nzima itakuwa na maana kwake.

Kufika

Kutoka mjini Mwanza panda daladala inayokwenda Kisesa; zinapita Buzuruga na Igoma. Shuka Kisesa, kisha chukua bodaboda hadi Bujora, au tembea. Ni kama kilomita 2 za barabara ya vumbi, zenye mwinuko mwishoni. Kwa familia ya watu watano au zaidi, gari la kukodi kutoka mjini huleta unafuu, hasa wakati wa kurudi. Patana bei ya kwenda na kurudi mapema, na mwandikie dereva saa ya kukufuata kwenye simu ili kusiwe na maelezo tofauti jioni.

Mkipita Igoma, watoto wakubwa waambieni kwamba hapo ndipo walipozikwa wengi wa waliopoteza maisha katika ajali ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Kuna mnara wa kumbukumbu. Sishauri kusimama siku hii ya ngoma, lakini kupita pale bila kutaja si vizuri.

Wanaokuja kwa mabasi ya Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam hushukia stendi ya Nyegezi, ambayo iko upande wa pili wa jiji. Lazima uvuke mji kwenda Buzuruga. Wanaotoka Musoma na Bunda wana bahati: basi lao linapita Kisesa, wamwambie kondakta mapema. Kwa watu wa Geita, Sengerema na Bukoba, safari imekuwa nyepesi tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lifunguliwe Juni 2025. Zile saa za kusubiri kivuko na watoto wanaolia zimekwisha.

Mzigo wa siku

Mwezi wa sita kanda ya ziwa ni kiangazi. Mchana jua ni kali, vumbi la uwanja linaingia kila mahali, na jioni upepo unageuka kuwa baridi. Beba maji zaidi ya unavyodhani, kofia, kanga mbili (moja ya kukalia, moja ya kumfunika mtoto puani vumbi likizidi) na sweta kwa kila mtoto. Viatu viwe vya kufunika vidole.

Beba pia noti ndogo ndogo. Utazihitaji kutuza wacheza ngoma, na hakuna anayekurudishia chenji katikati ya ngoma. Simu iwe imejaa chaji, kwa sababu utapiga picha nyingi na bado utahitaji kumpigia dereva.

Kwa watoto, vaeni nguo za rangi moja inayoonekana mbali. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, iweke kwenye mfuko wenye kifungo wa kila mtoto, na umwambie iko hapo. Wadogo sana, waandikie mkononi kwa kalamu ya wino.

Ndani ya makumbusho

Makumbusho yalifunguliwa rasmi mwaka 1968. Chukua mwongozaji, hata kama wewe ni Msukuma na unajua. Salamu ya asubuhi ni "Mwangaluka", na unaijibu hivyo hivyo. Mchana ni "Mwadila". Wafundishe watoto kusalimia kabla ya kuuliza chochote. Mzee wa Kisukuma aliyesalimiwa vizuri na mtoto humfungulia mengi.

Anzia banda la watemi, lile la umbo la kiti cha enzi. Mtoto alizunguke kwa nje kwanza, ajaribu kukisia ni kitu gani, ndipo aingie. Ndani kuna viti vya enzi, mavazi, ngoma na vitu vya tawala mbalimbali za Usukuma. Hapa mweleze jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na watemi wengi, kila mmoja na eneo lake, na ngoma za kitemi zilikuwa alama ya utawala wenyewe. Utawala wa watemi kama mamlaka ya kiserikali uliondolewa nchini baada ya uhuru, mwaka 1963, na vitu vingi vingepotea majumbani kama visingekusanywa.

Kisha nendeni kwa mhunzi na kwa mganga. Kwa mhunzi, uliza jembe lilitengenezwaje na lilinunua nini; zamani jembe lilitolewa hata kwenye mahari. Kwa mganga, tulia. Watoto wengine huogopa, na wazazi wengine kwa imani zao hawapendi kuingia. Mtu asilazimishwe. Mimi naona kuna faida kubwa ya kumsikiliza mwongozaji akieleza mitishamba na magonjwa yake, kwa sababu hiyo ni elimu ya mimea iliyobebwa kichwani kwa vizazi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa watoto ni ile ya kuhesabu. Makundi ya rika ya Kisukuma yalikuwa na namna zake tofauti za kuhesabu moja hadi kumi, kama lugha ya siri: vijana wanahesabu, wadogo hawaelewi. Bujora wamezionyesha pamoja. Mruhusu mtoto ashike hesabu moja tu na kuikariri. Ataitumia shuleni kuwatesa wenzake kwa muhula mzima, na wewe mwalimu utakuwa umefundisha historia, lugha na hisabati kwa dakika kumi.

Nyumba ya vyama vya ngoma iache mwisho, kwa sababu ndiyo mlango wa kuingilia uwanjani. Hapo utakutana tena na Bagika na Bagalu, na vyama kama Bayeye, wanaocheza na nyoka na wanaojulikana kwa dawa ya kuumwa na nyoka, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu. Mwulize mtoto: kwa nini mwindaji awe na ngoma yake? Jibu litakuja lenyewe akiona wanavyocheza.

Kanisani ingia kimya. Ni nyumba ya ibada inayotumika, na tabenakulo yake imechukua umbo la nyumba ya mtemi. Vua kofia, funika mabega, usipige picha wakati wa misa.

Uwanjani siku ya ngoma

Fika asubuhi ili uuone uwanja ukiwa mtupu. Tafuteni choo. Chagueni mahali pa kukutania mtu akipotea, kitu kisichosogea: mti mkubwa, jiwe, nguzo. Gari na kibanda cha soda huhamishwa. Kila mtoto apaonyeshe kwa kidole ili ujue ameelewa.

Sasa ujue jinsi mashindano yanavyokwenda, kwa kuwa usalama wako uko hapo. Kwa utaratibu wa asili, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na anayeshinda ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Miguu yenu ndiyo kura. Ndiyo maana kikundi kinachoona watu wanapungua hutoa kitu cha kushtua, mara chatu, mara mchezo wa hatari, mara kichekesho, na umati unahama ghafla kama maji yaliyobomoa tuta. Mzazi anayesimama katikati ya viwanja viwili na watoto yuko mahali pabaya kuliko pote. Simama ubavuni au nyuma ya kikundi kimoja, umshike mdogo mkono, na kama umati unahama mwache uende kwanza. Kilichotolewa upande wa pili kitatolewa tena.

Pa kukaa na mtoto ni pale ngoma ya bugobogobo inapochezwa. Hiyo ni ngoma ya majembe, iliyozaliwa na kazi ya kulima kwa pamoja: wachezaji wanarusha jembe, wanalizungusha, wanalidaka, na mpigo hauwatoki. Mtoto aliyewahi kulima kwa bibi yake ataitambua mara moja. Keti mbali kidogo kwa sababu ni majembe ya kweli.

Kwa Bayeye, acha hatua kumi au zaidi kati yako na nyoka. Usimruhusu mtoto akubali kuvishwa chatu kwa ajili ya picha, hata mchezaji akisema hana neno. Wao wamezoeana naye, mtoto wako hajazoea, na akishtuka nyoka naye hushtuka.

Kisha sikiliza nyimbo. Watu wengi huangalia tu, na hapo wanapoteza nusu ya Bulabo. Manju anatunga juu ya mambo ya sasa: bei ya pamba, viongozi, wapinzani wake, ndoa za watu. Kama hujui Kisukuma, msogelee mama aliyekaa karibu, msalimie, "Mwangaluka, mayu", na umwombe akutafsirie. Atakutafsiria kwa furaha, na atakuambia pia nani anamchokoza nani tangu mwaka juzi, jambo ambalo hakuna mtangazaji atakayekueleza.

Kutuza kuna adabu yake. Subiri mchezaji au manju afike sehemu iliyokugusa, sogea bila kukata safu, mpe noti au ibandike, rudi. Mpe mtoto noti moja akatuze mwenyewe upande aliouchagua. Ukipiga picha ya karibu ya mtu mmoja, omba kwanza, na ukiruhusiwa mtuze.

Chakula na kurudi

Siku ya ngoma utapata mahindi ya kuchoma, mihogo, karanga, samaki wa kukaanga na soda. Ukiona matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, nunua. Ndicho chakula cha safari cha Usukuma na hakiharibiki njiani. Watoto wenye matumbo mepesi wabebee chakula cha nyumbani, na wote wanawe mikono kwa maji mliyokuja nayo.

Kuondoka ndiko kugumu. Jua huzama kabla ya saa moja usiku, na wote hutaka daladala kwa wakati mmoja. Ukiwa na watoto, ondoka saa kumi na moja, hata kama ngoma imenoga. Wenye usafiri wao au waliolala Kisesa ndio wanaoweza kubaki. Kituo cha Bujora kina nafasi chache za wageni kulala. Uliza kwenye ile simu ya kwanza, kwa kuwa msimu wa Bulabo hujaa mapema.

Kesho yake, na ukikosa Bulabo

Kama mmebaki Mwanza siku ya pili, wapelekeni Saanane. Kisiwa hicho kilianzishwa kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Boti inaondoka upande wa Capri Point na safari ni ya dakika chache. Kuna pimbi juu ya mawe na swala pala, na njia za kutembea zinazowafaa watoto. Watakaotaka kuoga ziwani wakatazeni: kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wanaobeba kichocho. Aliyekwishaingia apelekwe kupimwa baada ya wiki kadhaa, hata kama hana dalili.

Na kama tarehe imekupita, usikate tamaa ya mwaka mzima. Shule au kundi la familia linaweza kuomba Bujora liandaliwe ngoma kwa malipo, mradi mtoe taarifa siku kadhaa kabla. Pia kipindi cha Saba Saba na Nane Nane vikundi vya ngoma vya Kisukuma huwa kazini. Nane Nane ya Mwanza hufanyika viwanja vya Nyamhongolo, kwenye barabara hiyo hiyo ya Musoma, kabla hujafika Kisesa.